Mandazi Yenye Duara

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Siku ya kumi na saba ya ndoa. Bado nahesabu! Jirani yangu Debra amenicheka leo nikifungua kibanda. Ati mtu akiulizwa tarehe hutaja tarehe, hataji siku ya ndoa. Akaniita nyar Usenge, binti wa Usenge, aliyevurugwa akili na kijana wa Sondu. Sikubisha. Nimevurugika kweli, na dawa siitaki.

Niliuza omena, dagaa wetu wa ziwani, mpaka saa tisa, nikafunga mapema nimuwahi mume wangu. Nilidhani nitamkuta amejilaza. Wapi! Absalom alikuwa amepiga magoti sakafuni, karatasi zimetandazwa kutoka mlangoni hadi kitandani. Visanduku, mishale, visanduku, mishale. Nikasimama mlangoni na gorogoro yangu ya kupimia omena mkononi kama mgeni.

"Vala, usikanyage Usenge!"

Usenge! Kumbe karatasi iliyo karibu na jiko ndiyo ufuo wa kwetu. Mama yangu, majirani zake, nyavu za kuanikia, kelele zote zile — kisanduku kimoja, kimeandikwa POKEA. Nilicheka mpaka nikakaa chini hapo hapo nje.

Basi hii ndiyo kazi yake. Nimeolewa na Bwana Mishale. Bi Rupal, mwenye kampuni inayonunua omena na kuipakia, amempa miezi mitatu achore kazi yote, tangu mashua inapofika hadi pakiti inapotoka, ili kompyuta iwaambie watu nani afanye nini na lini. Lakini Absalom anasema kuchora si kazi, hata mtoto huchora. Kazi ni kuandika sheria za mchoro. Kila alama iwe na maana moja, moja tu, ambayo Bi Rupal, karani wake na kompyuta wote wataisoma vilevile. "Bila hiyo, Vala, mchoro ni picha ya ukutani."

Alisema hivyo macho yanang'aa, penseli nyuma ya sikio. Wake wengine huimbiwa nyimbo. Mimi nasomewa sheria, na moyo unadunda vilevile!

Jumatano, 6 Novemba

Leo nimefundishwa alama. Nilimwambia nifundishe au nikapikie nje nisizikanyage hizi karatasi, chagua. Akanifundisha.

Penye njia panda kwenye mchoro kuna alama ya pembe nne iliyosimama kwa ncha. Yeye anaiita geti. Mimi nimeona mandazi, na mandazi itabaki. Ya kwanza ina X ndani yake — shika njia moja, nyingine achana nazo. Ya pili ina alama ya kujumlisha — shika njia zote pamoja, na mbele zinapokutana tena zingojeane. Ya tatu ina duara. Hiyo ndiyo yenye maringo! Siku nyingine njia moja, siku nyingine mbili, siku nyingine zote. Na mbele, penye kukutana, inangoja wale tu wanaoweza bado kufika.

Nikamuuliza, itajuaje nani anaweza bado kufika?

Akashika kichwa. Akasema hilo swali limewakosesha watu wenye digrii usingizi. Nilijivuna mpaka chai ikafurika kwenye sufuria.

Kuonyesha kazi inavyotembea tunatumia njugu. Njugu moja ni mzigo mmoja wa omena. Unaiweka kwenye kisanduku, sheria ikiruhusu unaisogeza. Nilisogeza tatu vizuri kabisa. Ya nne nikaila. Mkono ulienda wenyewe! Absalom akapiga kelele kwamba nimekula omena ya Bi Rupal gunia zima, atamwambia nini. Nikamwambia amwambie ilikuwa na chumvi kidogo.

Ninampenda huyu mtu. Nimeandika. Basi.

Ijumaa, 8 Novemba

Barua imekuja. Kwenye simu, si kwenye bahasha.

Kampuni moja ya Nairobi inamtaka Absalom. Mwaka wa kwanza ni wa kuzunguka — Nakuru, Eldoret, Mombasa, kila wiki mji mwingine, kulala hoteli. Familia haiandamani. Ajibu kabla ya saa sita mchana, Ijumaa ijayo. Asipojibu, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Na Ijumaa hiyo hiyo, saa nne asubuhi, Bi Rupal anazipokea sheria zake. Ameomba zipimwe na Daktari Naswa, mwalimu wa chuo kikuu — daktari wa vitabu, si wa sindano. Zikipita, Absalom anapata mkataba wa miaka miwili hapa hapa Kisumu. Zisipopita, asante na kwaheri, na ni Nairobi.

Alinieleza kwa sauti ya mtu anayesoma utabiri wa hali ya hewa.

Nikasema zote mbili ni habari njema. Muongo mimi! Yeye naye akasema ndiyo, zote mbili. Tukala. Ugali wangu ulikuwa na madonge, akausifu. Hapo nikajua hana raha hata kidogo.

Kwa nini sikusema usiende? Kwa sababu sitaki kuwa yule mke. Yule anayetajwa baada ya miaka ishirini: angekuwa mtu mkubwa, lakini mkewe alimng'ang'ania.

Jumapili, 10 Novemba

Tumerudi kutoka Usenge, kumsalimia mama. Ziara ya kwanza ya mkwe!

Nilidhani Absalom atafurahi, maana ufuo wenyewe uko hapo, hatua hamsini kutoka mlangoni. Angeweza kusimama katikati ya omena aangalie kila kitu kwa macho yake. Lakini ni mkwe. Mkwe kwetu hazururi penye kazi za mama mkwe wake. Hamwulizi maulizo. Aliketishwa sebuleni, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, soda mkononi, kuku mbele yake. Mama alimsalimia kutoka mlangoni, macho yakiangalia ukuta, akarudi jikoni. Wanaheshimiana hivyo mpaka huruma!

Nikamnong'oneza, si uende uone wanavyoanika? Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue viatu kanisani.

Kwa saa tatu nzima alitazama ufuo kupitia dirisha, shingo imenyooka kama korongo. Aliweza kuona migongo ya wanawake na kona moja ya wavu.

Njiani nikamwuliza, sasa ile karatasi yako ya Usenge uliitoa wapi? Akasema kwa msimamizi wa ofisini, Kisumu. Nikamwuliza, huyo msimamizi ameanika omena lini? Akasema, polepole, kwamba mama yangu ni mama yangu, si chanzo cha habari.

Nilicheka peke yangu mpaka Bondo.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua tangu saa saba. Hakuna wateja, Debra amefunika mboga zake, nami nikarudi nyumbani. Absalom yuko kwa Bi Rupal. Karatasi zake sasa ziko ukutani kwa gundi, safi, zimepigwa chapa. Sheria ziko mezani, kurasa thelathini na moja. Njugu ziko kwenye kikombe.

Nikaamua kucheza. Nilitandika nakala ya karatasi ya Usenge mezani, nikaweka njugu mbili. Nilitaka tu kumpa mume wangu hadithi ya kuchekesha akirudi.

Ukikifungua kile kisanduku cha POKEA, kwenye karatasi hii ndani kuna KUANIKA na kuna KUCHAMBUA. Omena iliyokauka inatoka kuanika inaenda kuchambuliwa. Iliyonyeshewa kabla haijakauka vizuri, wachambuzi wanairudisha kuanikwa tena. Mlangoni pa kila kimoja kuna mandazi yenye duara. Na sheria ya duara, ukurasa wa kumi na nne, nimeinakili: *Geti lisifunguke maadamu kuna mzigo mwingine unaoweza bado kulifikia.*

Nikaweka njugu moja mlangoni pa kuanika. Nyingine mlangoni pa kuchambua. Kama siku ya mvua, kama leo.

Ya kuanika — iende? Hapana. Ile ya kuchambua inaweza kurudishwa huku. Ingoje.

Ya kuchambua — iende? Hapana. Ile ya kuanika inaweza kuja huku. Ingoje.

Nikarudia. Nikageuza karatasi. Nikasoma ukurasa wa kumi na nne kwa sauti. Nikabadilisha njugu, labda ile ya kwanza ina mkosi! Zote mbili zimekaa, zinatazamana. Hakuna anayekosea. Kila mmoja anafuata sheria vizuri kabisa, na omena inaoza.

Labda mimi ndiye sijaelewa. Kidato cha nne, alama ya C katika hesabu. Nani ataniamini? Mimi mwenyewe sijiamini.

Amerudi sasa hivi, amelowa, anaimba. Ati Bi Rupal ameanza kusema "mwaka kesho, Absalom" na "wewe na mimi, Absalom".

Sikusema kitu. Nimempa taulo.

Jumatano, 13 Novemba

Nimesema.

Ilikuwa wakati wa chai ya asubuhi. Nilianza kwa mzaha, kwamba mandazi zake mbili zimenuniana, hazisemeshani. Akacheka. Akasema nimesahau sheria ya kumi na mbili. Nikasema sijaisahau. Akasema basi ya kumi na tisa. Nikaisoma. Akaja mezani na mkate mdomoni, akaweka njugu mbili, kwa dharau kidogo — nilimwona! — akasogeza mkono.

Mkono ukabaki hewani.

Akaurudisha. Akatafuna polepole. Akaketi. Akachukua penseli nyuma ya sikio la kulia halafu akaanza kuitafuta sikio la kushoto.

"Vala," akasema. "Umeanza kucheza na hii lini?"

"Jana."

"Mimi niko nayo tangu Agosti."

Nilitaka kulia. Nikamwambia pole, nikamwambia labda haitatokea, siku ya mvua si kila siku. Akacheka kwa uchungu: Kisumu hii, Novemba hii! Kisha akanivuta, akanibusu kwenye paji la uso, akasema amemwoa mkaguzi. Lakini hakumaliza mkate. Absalom ambaye humaliza mpaka makombo ya jirani.

Hakwenda ofisini. Amejaribu kuondoa duara na kuweka X. Ikawa omena nusu inapotea. Akaweka alama ya kujumlisha. Ikawa siku ya jua kavu kila mtu anangoja mvua! Nimecheka, naye akacheka, lakini ni siku mbili tu zimebaki.

Jioni nilimwambia anaweza kunyamaza. Daktari Naswa ana kurasa thelathini na moja za kusoma, huenda asione. Hakukasirika. Akasema atakayeona ni mama yako, Vala, siku magunia yake yatakapokaa getini mpaka yanuke, na kompyuta inamwambia angoje.

Niliona aibu. Na — nisifiche, hapa nasema na karatasi — nilimpenda zaidi.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimempigia mama asubuhi. Absalom alikuwa amekaa kando yangu, sikio limeelekezwa kwenye simu, lakini hakutaka mama ajue yupo! Heshima. Nikauliza kana kwamba ni umbea tu.

Mama, omena ikinyeshewa, mnafanyaje?

Akashangaa swali. Akasema nimesahau hata nilikozaliwa? Wa kwanza kuona wingu anapiga kelele, wote wanakimbia, unakusanya iliyo mbele yako, iwe yako au ya jirani. Iliyokauka inaendelea na safari yake. Iliyolowa inawekwa kando.

Halafu wachambuzi wanaingoja?

"Waingoje ya nini? Hiyo si ya leo tena. Omena ikishalowa inaitwa ya kesho. Nani huketi leo akangoja ya kesho?"

Absalom aliruka! Aligonga goti kwenye meza, njugu zikamwagika. Mama akauliza ni nini hicho. Nikasema paka. Akasema paka huyo amekula nini, ana sauti ya kiume.

Baada ya simu alizunguka chumba mara tatu. Ya kesho, ya kesho! Mzigo uliorudi si mzigo ule ule. Unapewa jina jipya, unaanza upya mwanzoni, siku mpya. Kwa hiyo hakuna anayeweza kurudi, kwa hiyo hakuna wa kumngoja! Akaandika, akafuta, akaandika. Alisema wanawake wa Usenge wamekuwa na sheria nzuri kuliko yake miaka yote, na yeye alikuwa dirishani anakula kuku.

Nikamwambia kuku hakuwa na hatia.

Lakini ni nusu ukurasa tu, umeandikwa kwa penseli. Sheria zilizo mkononi mwa Daktari Naswa ni zile za zamani, zenye kosa. Hakuna muda wa kuzipima zote upya. Absalom ameamua ataanza mkutano kwa kusema: ukurasa wa kumi na nne una kosa, na kosa ni hili. Kabla hawajauliza.

Nikasema, na wakikataa?

"Basi Nairobi."

Mezani zilibaki njugu mbili. Akauliza, unataka niende? Nikamwuliza, wewe unataka kwenda? Akafungua mdomo kuniuliza tena, nikaona kabisa swali linavyokuja, nikamziba kwa kiganja.

"Sitaki uende," nikasema. "Hata kidogo. Nimesema wa kwanza, sasa nicheke."

Hakucheka. Alikishika kiganja changu, akakiacha pale pale mdomoni.

Ijumaa, 15 Novemba

Saa tano na robo. Naandika nikiwa kwenye benchi, ofisi ya mbele ya Bi Rupal. Nimekuja kumsindikiza tu! Nimevaa lile gauni la kijani la siku niliyoondoka kwetu kuolewa. Ouma, karani wa mlangoni, kijana mcheshi mwenye tai fupi, ameniita shemeji mara kumi tayari na kuniuliza kama Usenge kuna dada mwingine.

Chumba cha mkutano cha Bi Rupal simu haziingii. Ana kikapu mlangoni cha kuziwekea. Absalom hakuiweka yake kikapuni, ameniachia mimi, barua ya Nairobi imefunguliwa hapo hapo. Akaniambia kwa utaratibu wake, kidole kwa kidole. Zikipita, nitatoka nikwambie, andika hapana. Zikikataliwa, nitatoka nikwambie, andika ndiyo. Akanishika bega, akaingia.

Saa tano na nusu. Mlango umefungwa. Nimesikia sauti ya Daktari Naswa, nzito kwa mwanamke mdogo vile. Nimemwona alipoingia, kurasa zote zimejaa vikaratasi vya manjano. Kwenye ukurasa gani sijui.

Saa tano na dakika arobaini. Kumetulia. Sasa ndiyo nimefikiria. Amesema zikipita. Amesema zikikataliwa. Hakusema wakiwa bado wanaongea saa sita ikifika! Bwana Mishale! Kurasa thelathini na moja, maana moja kwa kila alama, halafu mke wake ameachwa kwenye benchi bila sheria.

Nikiandika ndiyo na zikapita, nimempeleka hoteli za Eldoret kwa mkono wangu mwenyewe. Nikiandika hapana na zikakataliwa, tumekosa huku na kule. Nisipoandika ni sawa na hapana, ila hapana ya mtu mwoga.

Nimemwuliza Ouma anaweza kumwita nje dakika moja. Amesema shemeji, niombe lolote, lakini si kugonga mlango ule.

Saa tano na dakika hamsini. Wamecheka! Wote watatu? Wawili? Absalom akiaibika hucheka vilevile kama akifurahi. Siku ishirini na nane za ndoa na bado siwezi kutofautisha.

Kengele ya ndani imelia. Ouma ameingia, ametoka, ameenda jikoni mbio.

Amerudi na sinia. Vikombe vinne.

Ndani wako watatu.

Nimemwuliza cha nne ni cha nani. Anasema Daktari ameagiza aitwe huyo mke aliyeziona mandazi zimenuniana. Amesema hivyo hivyo, "mandazi". Absalom amewaambia! Anataka nieleze mwenyewe omena ya kesho. Kabla hajasema kama zinapita, anataka kusikia kwangu.

Saa sita kasoro dakika nne. Ouma amesukuma mlango kwa kiwiko, naona mguu wa meza na kiatu cha Absalom, kinatikisika. Anasema shemeji, simu kikapuni tafadhali. Nimemwambia angoje nimalize mstari.

Nimeiandikia Nairobi neno moja. Ni hapana. Ouma amenyoosha mkono kuchukua simu, na kidole changu bado kiko juu ya kitufe cha kutuma.